UZI: Unataka RAID nyumbani ili kompyuta iwe na kasi? Pima kwanza kinachokuchelewesha

#1 — Kipanga_wa_Diski

Wakuu, habari za jioni.

Swali la RAID, yaani kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja, linarudi kila mara, na karibu wote wanauliza hivihivi: "Nina diski mbili, nikiziunganisha mashine itapaa?" Jibu fupi: kwa kazi fulani itapaa kweli, kwa kazi nyingine hutaona tofauti yoyote zaidi ya kelele za diski mbili badala ya moja. Naeleza kwa urefu, mwenye haraka ashuke kwenye amri.

Jambo lenyewe lilianzia kwenye karatasi ya mwaka 1988 ya watu watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley: David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz. Walichukua IBM 3380, lile dude la diski la kompyuta za taasisi kubwa, wakalilinganisha na vidiski vya MB 100 vya kompyuta za mezani, wakauliza kwa nini vidogo vingi visifanye kazi ya kubwa moja kwa bei nafuu. Walijua fika kwamba diski zikiwa nyingi na vifo vinakuwa vingi, ndiyo maana sehemu kubwa ya karatasi ile inahusu namna ya kuokoa data. Ngazi walizopanga ni 1 hadi 5. Ile RAID 0 ambayo kila kijana wa gemu anaililia haikuwamo.

RAID 0 inafanya hivi: faili linakatwa vipande, mara nyingi vya KB 64 hadi 512. Kipande cha kwanza kinaenda diski A, cha pili diski B, cha tatu kinarudi A. Diski ya sahani ya kawaida ya mzunguko 7200 inatoa MB 150 hadi 200 kwa sekunde ikisoma faili refu lililonyooka. Mbili zikisoma kwa pamoja unakaribia mara mbili yake. Hapo hakuna uongo.

Tatizo ni kwamba kompyuta ya nyumbani haisomi mafaili marefu yaliyonyooka siku nzima. Kuwasha Windows, kufungua kivinjari, kupakia programu, yote hayo ni maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika. Sahani inayozunguka mara 7200 kwa dakika inamaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 8.3. Kichwa kwanza kinasafiri kufika kwenye mstari wake, milisekunde 8 hivi, halafu kwa wastani kinasubiri nusu mzunguko, milisekunde 4 na ushee. Jumla 12. Hizo ni safari kama 80 tu kwa sekunde, na kila safari ikirudi na KB 4 umeambulia KB 320 kwa sekunde. Kwa nini mashine inajikongoja kuwaka? Ndiyo hapo.

Sasa ongeza diski ya pili. Ile safari moja imefupika? Haijafupika. Ni sawa na kuongeza daladala ya pili njiani: abiria wanaobebwa kwa siku wanaongezeka, ila wewe uliyepandia Mbagala hufiki Posta mapema.

Kwa hiyo msimamo wangu: mfumo na programu zikae kwenye SSD (diski ya chipu, isiyo na sahani inayozunguka), hata ile ya SATA, ya kebo ya kawaida, ya bei ya chini. Ukishafanya hivyo ndipo uulize kama bado unahitaji RAID, na kwa kazi gani.

Karibuni kwa maswali.

#2 — Mpiga_Kasia

Nimeweka kiti hapa. Ngoja wajuvi waje.

#3 — BintiMwambao

Kaka, uzi wako umenifikia wakati wake. Mimi niko Mombasa, nafanya video za harusi. Kamera tatu, zote 4K, na wakati wa kuhariri nikiziweka zote tatu kwenye taimulaini picha inakatakata mpaka najuta. Fundi wangu ameniambia ninunue diski mbili za TB 4 anifungie RAID 0, eti tatizo litaisha. Kompyuta ni i7 kizazi cha 7, RAM GB 16, Windows 10, SSD ndogo ya mfumo na diski moja ya sahani ya kazi. Nimpe hela au nisubiri?

#4 — Kipanga_wa_Diski

Dada BintiMwambao, subiri kwanza. Tufanye hesabu.

Kamera nyingi za daraja hilo zinarekodi 4K kwa Mbit 100 kwa sekunde au karibu na hapo. Gawa kwa 8 unapata MB 12.5. Kamera tatu ni MB 37.5 kwa sekunde. Diski yako moja, hata ikiwa imechoka, inatoa zaidi ya hapo mara tatu au nne. Kichwa kitahangaika kidogo kuruka kati ya mafaili matatu, lakini programu za kuhariri zinasoma mbele na kuweka akiba kwenye RAM, kwa hiyo si cha kukukatia picha namna hiyo.

Ninachoshuku ni prosesa (CPU). H.264 na H.265, namna za kubana video, zinabana picha kwa kuhifadhi tofauti kati ya fremu na fremu, na kuzifungua ni kazi nzito. Angalia mipangilio ya kamera: ikiwa unarekodi biti 10 za 4:2:2 (aina yenye rangi nyingi zaidi), prosesa ya kizazi cha 7 haina saketi ya kufungua aina hiyo, kila kitu kinaangukia kwenye kokwa zako nne. Hapo hata ukifunga diski kumi ni bure.

Fanya hivi leo. Fungua Task Manager, nenda Performance, cheza ile sehemu inayokwama, utazame mistari mitatu: CPU, Disk na GPU. CPU ikiwa juu kabisa na diski iko asilimia 20, basi diski haina kosa. Diski ikiwa asilimia 100 na CPU inapumua, rudi hapa tuongelee RAID.

#5 — Mzee_wa_Seva

Mleta uzi, nakuheshimu lakini unawakatisha watu tamaa. Mimi nimezifunga NVMe mbili (SSD za kasi zinazotumia njia za PCIe) RAID 0 kwa mteja, CrystalDiskMark, ile programu ya kupima kasi ya diski, ikasoma zaidi ya GB 6 kwa sekunde. Huwezi kuniambia hiyo si kasi.

#6 — Kipanga_wa_Diski

Mzee wangu, hiyo ni kasi, sibishi. Swali langu ni mstari wa chini kabisa kwenye hiyohiyo CrystalDiskMark, ule wa RND4K Q1T1, yaani vipande vya KB 4 vilivyotawanyika, ombi moja moja. Ulipanda mara mbili? Haupandi, na mara nyingine unashuka kidogo kwa sababu programu ya RAID imeongeza hatua moja njiani. Mstari wa juu unapima faili kubwa lenye maombi mengi yaliyopangana foleni. Mtumiaji wa nyumbani anaishi kwenye ule wa chini.

Halafu inategemea NVMe zimechomekwa wapi. Kwenye mashine za Intel za kizazi cha 6 hadi cha 10, nafasi za M.2 (za kuchomekea NVMe) mara nyingi hupita kwenye chipseti, na chipseti inaongea na prosesa kwa DMI 3.0, ambayo ni sawa na njia nne za PCIe 3.0, karibu GB 4 kwa sekunde kwa hesabu ya karatasi. NVMe moja nzuri ya PCIe 3.0 inafika GB 3.5 peke yake. Ukiweka mbili nyuma ya mlango huohuo umelipia diski ya pili ipate upana wa nusu gigabaiti. Hiyo GB 6 yako imetoka kwenye mashine ambayo NVMe zimeunganishwa moja kwa moja na prosesa, sivyo?

#7 — Mzee_wa_Seva

Ndiyo, zilikuwa kwenye kadi ya PCIe yenye njia 8. Nimekuelewa. Lakini kwa anayenakili mafaili ya GB 200 kila siku, bado nashikilia msimamo wangu.

#8 — Kipanga_wa_Diski

Kwa huyo hata mimi niko upande wako.

#9 — Kijana_wa_Gemu255

Wakuu, na gemu je? Nina SSD mbili za SATA za GB 500, nataka kuzifanya moja ya TB 1.

#10 — Kipanga_wa_Diski

Mdogo wangu, SSD ya SATA inagota MB 550 kwa sekunde, mbili zinakaribia 1100 kwenye faili refu. Ila gemu ikipakia, muda mwingi inafungua mafaili yaliyobanwa na kutayarisha shaders, kwa hiyo sekunde utakazookoa ni chache. Na kumbuka, RAID 0 ikipoteza diski moja zote zimekwenda. Tuseme kila diski ina asilimia 2 ya kufa ndani ya mwaka: mbili kwenye RAID 0 zinafika karibu 4, nne zinakaribia 8. Kwa gemu unazoweza kupakua upya si msiba, isipokuwa bando ndilo litakalolia. Kama shida ni kuona diski moja tu, Steam inakuruhusu kuweka maktaba kwenye diski zaidi ya moja. Ziache kila moja na maisha yake.

#11 — Mpiga_Kasia

Na RAID 5? Nasikia inakupa kasi na usalama pamoja.

#12 — Mzee_wa_Seva

Hili niachieni mimi.

RAID 5 inataka diski tatu kwenda juu. Data inagawanywa kama RAID 0, halafu kwa kila mstari wa vipande kuna kipande cha ziada cha pariti kinachotokana na hesabu ya XOR. Chukua diski A ina 1011 na B ina 0110. Zinapofanana andika 0, zinapotofautiana andika 1: unapata 1101, hiyo inaandikwa diski C. Siku B imekufa, chukua A na C ufanye hesabu hiyohiyo, 0110 inarudi. Rahisi na ya kuvutia.

Kusoma ni kwepesi. Kuandika vitu vidogo ndiko kunakouma: kila badiliko dogo linataka kusoma data ya zamani, kusoma pariti ya zamani, kuandika data mpya, kuandika pariti mpya. Kazi nne badala ya moja. Seva zinaficha hilo kwa kadi yenye keshi na betri. Kompyuta ya sebuleni haina.

Lingine ni umeme, na huku kwetu hilo si la kupita juujuu. Ukikatika data imeandikwa na pariti bado, mstari ule sasa unadanganya na hakuna anayejua, mpaka siku diski inakufa na hesabu inarudisha takataka. mdadm, programu ya RAID ya Linux, ina kinga ya jarida, inataka kifaa cha ziada. Bila UPS, RAID 5 nyumbani siipendekezi.

Tatu, kujenga upya. Diski ya TB 4 kwa MB 150 kwa sekunde inachukua zaidi ya saa 7 mashine ikiwa haifanyi kazi nyingine yoyote, na muda wote huo diski zilizobaki zinasomwa mwanzo mpaka mwisho. Zilinunuliwa siku moja, zina umri mmoja. Unaona hatari ilipo.

#13 — Kipanga_wa_Diski

Hapo umemaliza, mzee. Mwenye diski nne anayetaka kasi, aende RAID 10: jozi mbili za kioo (diski mbili zenye nakala ileile), zimegawanyiwa vipande. Unapoteza nusu ya nafasi, lakini kuandika hakuna hesabu ya pariti, na diski ikifa unanakili kutoka kwa pacha wake tu.

Mwenye diski mbili na Linux kuna kitu wengi hawakijui. RAID 1 ya kawaida ya Linux, yaani kioo cha diski mbili, ukisoma faili moja refu, inakupa kasi ya diski moja. Ya pili inasaidia pale tu wasomaji wanapokuwa wawili au zaidi. Lakini md, RAID ya ndani ya Linux inayoendeshwa kwa mdadm, ina RAID 10 inayokubali diski mbili, na mpangilio unaoitwa f2. Nakala ya kwanza inagawanywa vipande kwenye nusu ya nje ya diski zote mbili, nakala ya pili inakaa nusu ya ndani, zikiwa zimepishana diski. Usomaji unatoka nusu ya nje, ambako sahani inapita kwa kasi zaidi chini ya kichwa. Matokeo: usomaji wa faili refu unakaribia RAID 0, na diski moja ikifa data ipo. Bei yake ni kuandika, ambako unabaki kwenye kasi ya diski moja au chini yake kidogo.

Amri ni hizi, kwa Debian au Ubuntu. Tumieni majina ya by-id, si sdb na sdc, maana hizo herufi zinaweza kubadilishana mashine ikiwaka:

```
ls -l /dev/disk/by-id/

sudo mdadm --create /dev/md0 --level=10 --layout=f2 \
  --raid-devices=2 /dev/disk/by-id/DISKI_YA_KWANZA \
  /dev/disk/by-id/DISKI_YA_PILI

cat /proc/mdstat

sudo mkfs.ext4 -L video /dev/md0

sudo mdadm --detail --scan | sudo tee -a /etc/mdadm/mdadm.conf
sudo update-initramfs -u
```

Amri ya pili inafuta kila kitu kwenye hizo diski. Soma jina mara mbili kabla ya kubonyeza. /proc/mdstat itakuonyesha asilimia ya ulinganishaji ikipanda. Unaweza kuanza kutumia, ila usipime kasi mpaka imalize. Kwenye fstab (faili la diski za kuunganishwa mashine ikiwaka) ongeza `nofail`, la sivyo siku RAID isipoamka mashine nzima itakugomea kuwaka.

Kabla hujaweka kitu cha maana humo, iue diski moja kwa makusudi. Zima mashine, chomoa kebo ya diski ya pili, washa, uone kama mafaili yanafunguka. Rudisha diski, irejeshe kwa `mdadm --add`, tazama inavyojijenga. Afadhali ujifunze hayo wakati ndani hamna kitu.

#14 — Kijana_wa_Gemu255

Mbona kwenye BIOS yangu kuna sehemu imeandikwa RAID? Si niwashe tu hapo?

#15 — Kipanga_wa_Diski

Usiiguse hivihivi, mdogo wangu. Ukiwa na Windows iliyokwishawekwa kwa AHCI (hali ya kawaida ya diski za SATA) halafu ukageuza kuwa RAID, uwezekano mkubwa ni skrini ya buluu ya INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Na ile RAID ya mazabodi kazi yake yote inafanywa na prosesa kupitia draiva, haina keshi yake wala betri. Mazabodi ikiungua, utatafuta nyingine ya ukoo huohuo ili diski zisomeke. Kwenye Windows, kwa diski za data, tumia Storage Spaces, RAID ya ndani ya Windows: diski zake unazihamishia kwenye Windows nyingine na zinajitambua. Kwa Linux ni mdadm, ileile habari, fungu linasomeka kwenye mashine yoyote ya Linux.

#16 — BintiMwambao

Kaka Kipanga, nimerudi. Nimefanya ulivyosema. CPU iko asilimia 98 mpaka 100, diski inacheza kwenye 15 mpaka 25. Kamera mbili kati ya tatu zinarekodi hiyo biti 10 ya 4:2:2.

Nimetengeneza mafaili ya proksi ya 720p (nakala nyepesi za kuhariria) usiku kucha, leo nimehariri kamera tatu bila kukatika. Hela ya fundi ninayo bado. Ila diski ya kazi imejaa, na TB 4 mbili bado nazihitaji kwa ajili ya kuhifadhi. Nizifanyeje?

#17 — Kipanga_wa_Diski

Safi sana dada. Kwa kuwa uko Windows, una njia mbili. Ya kwanza, Storage Spaces kwa aina ya two-way mirror (kioo): TB 4 za matumizi, diski moja ikifa kazi inaendelea. Ya pili, ambayo kwa mtu wa harusi naipenda zaidi: diski moja ndani ya mashine, ya pili kwenye kasha la USB, unanakili kila usiku kisha unaichomoa na kuiweka nyumba nyingine. RAID haikukingi na kufuta kwa bahati mbaya, wala virusi vinavyofunga mafaili, wala radi ikipiga laini. Bibi harusi hatarudia harusi kwa sababu yako.

Na ukija kubadilisha klipu zako kuwa ProRes 422 za 4K (aina nyepesi kufungua lakini nzito kwa ukubwa), hesabu inageuka: kila kamera inakula karibu Mbit 490 kwa sekunde, yaani MB 61, tatu ni zaidi ya MB 180. Hapo diski moja ya sahani inazidiwa kweli. Lakini hata hapo mimi ningeweka mradi unaoendelea kwenye SSD ya TB 1 au 2, kisha ukiisha unauhamishia kwenye diski za sahani.

#18 — Mzee_wa_Seva

Niongeze moja kwa dada. Ukienda dukani uliza kama diski ni CMR (mistari isiyolaliana) au SMR. SMR zinaandika mistari iliyolaliana kama vigae, na ukiandika mfululizo kwa muda mrefu kasi inaporomoka vibaya. Mwaka 2020 kulikuwa na kelele kubwa duniani baada ya kugundulika kwamba baadhi ya diski zilizouzwa kwa ajili ya RAID zilikuwa SMR na boksi halikusema. Muuzaji asipojua, piga picha namba ya modeli uitafute kwenye karatasi ya mtengenezaji.

#19 — BintiMwambao

Na za mitumba? Kuna jamaa ana za seva, bei nusu.

#20 — Mzee_wa_Seva

Mwambie akufungulie CrystalDiskInfo, programu inayoonyesha afya ya diski, mbele yako kabla ya kutoa hela. Tazama Power On Hours: 40,000 ni zaidi ya miaka minne na nusu bila kuzimwa. Hizo saa peke yake si hukumu. Reallocated Sectors (sehemu mbovu zilizohamishwa) na Current Pending (zinazoshukiwa) zikiwa na namba yoyote zaidi ya sifuri, muachie diski yake. Hakikisha pia ni SATA. Nyingi za seva ni SAS, aina nyingine ya kiunganishi, na kebo ya mashine yako haitaingia.

#21 — BintiMwambao

Amesema kompyuta ya kupimia hana hapo dukani. Nimemwambia basi naja na yangu kesho.

#22 — Mpiga_Kasia

Dada, ukirudi tupia hizo namba humu.